Jicho la Kushoto

Marghilon,
mwezi wa pili.

Dada yangu mpenzi Oydin,

Salamu nyingi zikufikie huko Tashkent, wewe, shemeji na watoto. Natumaini kifua cha shemeji kimetulia na baridi haiwatesi. Sisi huku ni wazima sasa. Nimeona nikuandikie badala ya kukupigia simu, maana hapa simu ikilia nyumba nzima hutega sikio.

Dada, nimeumwa. Yalianza kama mafua ya kawaida. Nikapata nafuu, nikarudi kwenye kufuma, kisha yakanirudia kwa hasira. Makamasi yakawa mazito kama usaha, uso upande wa kushoto unagonga, na nikiinama kuokota uzi naona kama jicho litadondoka. Mama mkwe akanifukiza majani ya isiriq mpaka kuku wakakohoa, akanikanda pua kwa chumvi ya moto, akisema ndiyo malipo ya kutoka nje na nywele mbichi. Alikuwa akitania, lakini usiku kucha hakubanduka kando yangu. Dada yake mkubwa alianza na pua hivihivi, na uvimbe ulipogundulika walikuwa wameshachelewa.

Mume wangu Bahtiyor akanipeleka kwa Daktari Muhabbat. Mama yule hakukimbilia mashine. Aliniuliza kama nilipata nafuu kabla ya kuzidiwa, na kama meno ya juu yananiuma. Akanibonyeza mashavu, akanimulika puani. Akasema vijumba vya hewa vilivyo ndani ya mifupa ya uso vimevimba na kujaa usaha. Hakuna haja ya picha. Akanipa dawa na onyo moja: jicho likivimba, nisingoje hata chai ichemke.

Kesho yake niliamka kope la kushoto limefumba, jekundu. Nilimwita mume wangu, nikaona rangi inamtoka.

Safari hii daktari hakutabasamu. Alinitaka nifuate kidole chake kwa macho. Jicho likagoma kwenda juu, na maumivu yakanipiga hadi kisogoni. Akasema nipigwe picha ya kichwa sasa hivi, ajue ni usaha au ni kitu kingine. Nikakataa. Bahtiyor akafoka mbele za watu: “We Zulhumor, una wazimu? Mashine haing'ati! Unataka kumfuata mama mkubwa kaburini?” Nikalia tu. Daktari akamtoa nje.

Dada, nilimwambia yeye jambo ambalo sijamwambia mtu. Nina mimba. Wale wawili wa kwanza niliwapoteza tulipokwisha kuwatangaza, na safari hii niliapa kufunga mdomo. Hakunigombeza. Alisema, “Mwanangu, mionzi ya kichwani haifiki huko chini kwa kiasi cha kumdhuru. Lakini usaha ukipanda kwenye ubongo, utawachukua nyote wawili.” Niliingia mashineni nimekumbatia tumbo, natetemeka mpaka wakalazimika kurudia.

Ulikuwa usaha, umejikusanya kando ya jicho. Wakautoa kwa kupitia puani, nikalala wodini nachomwa sindano. Jicho limefunguka, naona.

Bahtiyor anamshukuru Mungu kwamba si uvimbe, mengine hajui. Mimi hofu imenihamia tumboni. Daktari amesikiliza moyo wa mtoto, anasema unapiga vizuri, nami kila nikiamka naogopa kugeuka kitandani.

Wabusu watoto, msalimie shemeji, na hili libaki kifuani mwako. Barua zako husomwa na wote hapa, kwa hiyo ukijibu niulize habari za pua tu. Nitajua unamuuliza nani.

Mdogo wako akupendaye,
Zulhumor