Wote Wamezaliwa Nyumbani

Kaka,

Chai ya baba iko kwenye chupa. Mpe mapema, kabla hajaanza kuuliza niko wapi. Dawa asinywe na tumbo tupu.

Asubuhi, ukiwa bado unakoroma, nilisoma ile orodha ya ukoo wetu uliyoichapa. Ulisema kila mahali paandikwe kwa jina moja, msomaji asichanganyikiwe. Sawa. Lakini kila uliyemuuliza alizaliwa wapi alikujibu "nyumbani", nawe ukaandika Nyumbani, kisha ukaweka anwani ya nyumba hii. Kwa hiyo babu kazaliwa kwenye nyumba iliyojengwa yeye akiwa kaburini, na shangazi zetu wote wameolewa hapa sebuleni. Nilicheka mpaka baba akaamka.

Halafu nikafika kwenye mstari wangu. Kuzaliwa: Nyumbani. Kazi: Nyumbani. Kufariki: Nyumbani. Tarehe umeiacha wazi, ahsante kwa hisani.

Najua hukukusudia, ulinakili tu neno lilelile kutoka mstari wa juu kwenda chini. Kilichoniuma ni kwamba umewasomea ndugu zetu wote, na hakuna hata mmoja aliyeshtuka.

Babu alizaliwa ng'ambo ya mto. Unapomlisha baba, muulize pale mahali paliitwaje wakati ule, jina hilo uliandike, na la sasa uliweke kando.

~~Leo sirudi.~~ Nitarudi jioni, baba halali nisipokuwepo. Anua shuka zake mvua ikija.

Ila hapo pa kufariki pafute. Paache wazi kama ulivyoacha tarehe.

Dada yako,
wa Nyumbani