Mpira ni Mgeni

Kamina, 12 Mei 1975

...wala ndoa haijavunjika kama ulivyosikia, dada yangu, yaya Mputu! Kalala wangu ananifundisha kudaka softiboli hapa misheni. Nilikuwa naurukia mpira kwa pupa hadi kidole cha pete kikavimba ndani ya glavu, nikalazimika kuivua pete. Mama mkwe alipokiona kitupu, akaninunia wiki nzima.

Kalala, mtamu wangu, akacheka: "Weye, mupira iko mugeni! Usiikimbilie. Ikikuya chini, vidole ya glavu iangalie chini. Ikikuya juu, iangalie juu. Kunja magoti, pokea."

Yaya, si ndivyo mama alivyotufundisha kupokea sahani? Jana nilidaka yote, na mama mkwe, akijivunia mke wa mwanawe, akapaza sauti uwanjani: "Njo bibi ya mutoto yangu!"

Leo pete imeingia. Kabla mwezi haujaisha, nitakuletea uione hapo Kinkondja.

Mdogo wako mwenye furaha,
Mujinga