Bango la Mtaa wa Kongo

Ilala, 3 Machi 2025

Dada Shamsa,
Shikamoo. Huku Ilala tunaendelea vizuri. Baba leo kamaliza uji wote, mapafu tu ndiyo yanamsumbua. Shemeji na watoto hawajambo hapo Tanga?

Dada, dukani Kariakoo imeingia kamera mpya, acha kabisa! Bosi wangu, Heriel, kaniruhusu nije nayo nyumbani kuijaribu. Nimempiga Baba picha akiwa amelala. Jasho kifuani, mbavu, mate mdomoni, vyote unaviona kama unavigusa! Faili moja tu ni zito mpaka simu inagoma kulifungua, kwa hiyo picha nimezihifadhi kwenye kompyuta ya duka.

Mdogo wako,
Uwesu


Tanga, 5 Machi 2025

Mdogo wangu,
Marahaba. Tuko salama, joto tu linatuchosha.

Mate mdomoni? Baba yule fundi cherehani wa Mchikichini, aliyekuwa hamfungulii mtu mlango kabla hajavaa kofia? Mimi mwanawe sijawahi kumwona kifua wazi. Zifute leo hii. Kompyuta ya duka kila mtu anaishika. Na usinitumie hata moja.

Dada yako,
Shamsa


Tanga, 2 Aprili 2025

Uwesu,
Baba anaendeleaje? Hali yako wewe siiulizi.

Jirani yangu Zena alikwenda Kariakoo kununua vitenge, kanitumia alichokiona Mtaa wa Kongo. Baba yetu, mkubwa kama mlango, kaning'inizwa nje ya duka lenu, mate yanamtoka, na chini yake maneno mekundu: HAKUNA KINACHOFICHIKA. Watu wamesimama pale wanakula mihogo. Nieleze, Uwesu.

Shamsa


Ilala, 6 Aprili 2025

Dada,
Shikamoo. Baba anapumua afadhali. Mimi hata kujitazama kwenye kioo naona kinyaa.

Sikuzifuta. Kila siku nilisema kesho. Heriel alipoziona akaziomba kwa tangazo la kamera, nikamwambia chukua tu, mzee mwenyewe hatoki nje. Bango lilipopanda nikamsihi aliteremshe. Akacheka: "Huyu mzee anauza kuliko warembo."

Jana tukitoka hospitali Baba akataka tupitie Kariakoo akanunue uzi. Nikamwambia dereva wa bajaji azunguke, foleni ikatukwamisha palepale. Baba akatazama juu, akatazama sana. Akaniuliza, "Yule mzee hana watoto wa kumfunika?"

Nikajibu, "Sijui, Baba."

Nilipomfikisha nyumbani nikarudi dukani. Nimelichana lile bango mbele ya wateja, nikafuta faili zote, Heriel akanifukuza. Namshukuru Mungu kwa jambo moja: macho ya Baba hayaoni vizuri. Nadhani hakujitambua.

Mdogo wako,
Uwesu


Tanga, 20 Aprili 2025

Uwesu,
Tulifika salama, na Baba anakula. Nilipokuja kumchukua ulishangaa alivyokubali haraka, wakati miaka yote alikataa kuhama Ilala.

Alijitambua.

Hapa analala na shati, kafunga vifungo mpaka shingoni, joto lote hili. Jana mwanangu aliinua simu ampige picha. Baba akavuta shuka akajifunika uso. Nikamwambia, "Baba, huyu ni mjukuu wako."

Akanijibu humo humo ndani ya shuka, "Na yule alikuwa mwanangu."

Dada yako,
Shamsa