Mama Ising na Vidonge Vyangu vya Jioni

Molo, Iloilo
9 Machi 2018

Mpendwa mdogo wangu Merlinda,

Salamu nyingi zikufikie huko Torino, wewe na huyo bibi unayemtunza. Hujambo? Baridi imepungua? Na mgongo? Usinijibu "salama tu, dada", nakujua. Sisi ni wazima. Nestor anakohoa, lakini kwa kuwa hataki kuacha sigara, kikohozi chake mimi sikihesabu.

Uliniuliza kama vile vidonge vya homoni navimeza au navitupa. Tulia, navimeza kila jioni baada ya kula. Ila mwezi wa kwanza wa kuvimeza nusura niviache kabisa.

Baada ya upasuaji nilidhani kilichobaki ni mteremko: kidonge kimoja kwa siku, miaka mitano, ili saratani ya titi isirudi. Kumbe! Joto likawa linanipanda kifuani mpaka usoni, hata kanisani, nalowa jasho chapachapa. Vidole vikakakamaa, magoti yakauma, ngazi nikawa nashuka kinyumenyume. Hospitalini wanayaita maudhi madogomadogo. Madogo kwa nani?

Na mama mkwe wangu unamjua. Kwa Mama Ising, mtu mwenye joto akigusa maji baridi amejitafutia pasma: mikono itetemeke, viungo viume. Sasa mimi nawaka, nakimbilia ndoo, na viungo vinauma kweli. Ushahidi akaupata! Akaficha kopo la kuogea, akazima feni. "Siyo dawa, we mkaidi, ni hayo maji yako!" Tuligombana mpaka jirani akapunguza redio asikie vizuri.

Siku moja nikamwambia, "Mama, basi. Vidonge naacha. Afadhali nife nikiwa na magoti yangu." Kesho yake asubuhi nikamkuta amevaa gauni la kanisani, bajaji inangoja nje. Kufika kwa daktari, hata sijakaa, akamvaa: "Mwanangu anataka kuacha dawa. Mkanye!"

Kaniita "mwanangu", Merlinda! Miaka yote hii nimekuwa "mke wa Nestor".

Daktari, mama mmoja mpole, alicheka, kisha akatusikiliza sana. Laiti ningesema mapema! Alinipumzisha dawa kwa muda, akanipa ya aina nyingine. Akasema nitembee kila siku, maana viungo vikikaa bure vinazidi kukakamaa, nivae nguo nyepesi za pamba na nipunguze kahawa na pilipili. Na maji? Ya uvuguvugu yanatosha. Mama Ising akanitazama kama aliyeshinda kesi.

Siwezi kusema yamekwisha. Lakini usingizi naupata, na vifungo vya blauzi nafunga mwenyewe. Asubuhi tunatembea naye mpaka uwanja wa kanisa, yeye mbele, ananisuta kwa uvivu wangu. Nashukuru, mdogo wangu, nashukuru sana.

Jumamosi iliyopita joto lilinijia vibaya, nikakaa sakafuni nikalia kama mtoto. Mama Ising alikuwa anapiga pasi. Na unajua aliyetoka kupiga pasi, kwake, hagusi maji mpaka kesho, hata kunawa. Akaiweka pasi, akazamisha mikono yote miwili kwenye ndoo ya maji baridi, akakamua kitambaa, akanifunga shingoni.

"Nyamaza," akasema. "Mimi nimeshazeeka, pasma itanifanya nini?"

Lakini baadaye nilimwona anajisugua vidole kwa mafuta, kimyakimya, kwa hofu yake ileile. Nilikwenda nikachukua kidonge changu, nikakimeza mbele yake.

Msalimie sana shemeji Efren, na umbusu mwanao Jovelyn mashavu yote mawili. Nestor anakusalimu. Mama Ising naye anasema ule vizuri, umekonda pichani. Mungu akufunike huko ugenini na akurudishe ukiwa mzima. Krismasi ukija usihangaike na zawadi. Njoo tu, utanikuta.

Ni mimi nikupendaye sana,
dada yako Perlita