Koti la Otim

Kampala, Septemba 1976

Shemeji Ochan,

Hatujambo. Mtoto wangu Concy ameota meno ya mbele, na wale kuku uliotuletea wameanza kutaga chini ya kitanda. Barua hii nampa Filda akuletee mkononi, maana siku hizi barua za posta husomwa na wengi.

Umeandika kwamba wazee wa huko Kitgum wanataka tumalize matanga ya kaka yako Otim, kisha wamchague mrithi. Nilitaka kujua sheria inasemaje, nikaenda kwa karani wa mirathi. Aliniuliza ni nani aliyeuona mwili. Nikasema tuliona tu gari likimchukua. Akasema basi, bila cheti cha kifo, huyo ni mtu aliyepotea: mali yake mnaweza kuitunza, kuigawa hapana. Nikamuuliza cheti kinapatikanaje.

"Mlete aliyemwona akifa," akasema.

Sasa unajua mdomo wangu haunyamazi. Juzi, kwenye foleni ya sukari kule Port Bell, mwanajeshi mmoja alisimama mbele yangu amevaa koti la Otim, lile alilovaa siku ile alipochukuliwa. Mfuko wake niliushona mwenyewe kwa uzi mwekundu. Nikamuuliza kwa upole, "Afande, koti zuri hili, umelipata wapi?"

Alinitazama sana, halafu akacheka. "Nimerithi, mama."

Waambie wazee wafanye matanga. Aliyemwona akifa nimempata; kumpeleka kwa karani ndiko nisikoweza.

Mjane wa kaka yako,
Alanyo