Kwa Kaka Amsi, Aliyeandaliwa Kwenda Anga za Juu

Mpendwa kaka Amsi,

Shikamoo, popote ulipo. Sina anwani yako, ndiyo maana barua hii naiandika wazi na kumpa mwalimu mmoja wa hapa Bagara, Babati, mwenye rafiki gazetini. Labda wataichapa. Labda siku moja utafungiwa vitumbua kwa karatasi yake, uone jina lako.

Nakukumbuka zaidi siku ulipopita na ndege juu ya nyumba yetu. Ulikuwa luteni mpya, umetoka kusomea urubani ng'ambo, na ulituandikia kwamba Jumanne utapita ukielekea Dodoma. Mama aliwaambia majirani wote. Ulitokea nyuma ya mlima Kwaraa, ukashuka mpaka tukaona namba chini ya bawa, na ng'ombe wakavunja boma wakaingia kwenye mahindi ya jirani. Baba alikasirika kutwa nzima. Jioni nilimsikia akimwambia yule jirani, "Mahindi utavuna kwangu. Lakini umeona alivyokata kona?"

Vita vilikuja, ukaenda, ukarudi mzima. Kisha ukaja likizo na mche mmoja wa sabuni, na habari ambayo hakuna aliyeielewa mara ya kwanza. Nchi iliyokufundisha urubani ilikuwa inawachukua marubani wa nchi rafiki na kuwarusha anga za juu pamoja na watu wake. Kwetu walichagua wawili wakajaribiwe: wewe na rafiki yako Petro, yule wa Morogoro aliyekula Krismasi kwetu mara mbili, ambaye mama alimwita mwanangu.

Baba, ambaye Kiswahili kilikuwa kinamkwama, alikuuliza, "Huko mtakaa wapi?"

"Ndani ya chombo, baba. Tunazunguka dunia."

"Mnazunguka mnatafuta nini?"

Ulicheka tu. Lakini kesho yake tukichota maji uliniambia, "Paskalina, kutoka kule ziwa letu lote litakuwa dogo kama ukucha. Nataka nilione hivyo mara moja tu." Sikuwahi kukusikia ukiomba kitu kwa sauti ile.

Ulikaa kule mwaka mzima. Petro alirudishwa mapema kwa sababu ya masikio. Wewe ulifaulu yote, kiti kile cha kuzungushwa na chumba kile cha kufungiwa siku kumi peke yako. Ulituma picha umevaa nguo nyeupe ya wanaanga, na mama akaiweka pembeni ya Bikira Maria. Kisha wakakwambia urudi nyumbani, utaitwa.

Ulirudi wakati mbaya, kaka. Tulikuwa tunafulia majani ya mpapai, tunakula ule unga wa njano, tunapanga foleni kwenye duka la ushirika bila kujua kimeletwa nini. Kambini kwenu mafuta ya ndege hayakuwepo. Uliniambia marubani mlikuwa mnafyeka nyasi za uwanja ili msionekane mmekaa bure. Ukija likizo ulianika betri za redio juani usikose taarifa ya habari, na ndivyo ulivyosikia kwamba mwenzako wa nchi nyingine amekwisha kuruka. Ulizima redio. "Anaijua kazi," ukasema. "Tulifundishwa pamoja." Ukaenda kutengeneza boma, na hakuna aliyekuita tena kutoka kule.

Walipokupa umeneja wa shirika la kutengeneza ndege, Dar es Salaam, baba alitembea mji mzima akisema mwanawe ana ofisi na simu. Nilikuja kukuona. Ulinipeleka kwenye banda, ndege zimefunikwa maturubai, mafundi wanainyofoa moja vipuri ili nyingine iruke. "Mimi ni meneja wa makaburi," uliniambia. Nilidhani unatania.

Mwaka haukuisha, Petro akafa. Aliirusha asubuhi ndege ya mizigo iliyotoka kwenye banda lako, injini ya kushoto ikazima kabla haijavuka miti mwisho wa uwanja. Uliacha kazi, ukarudi Babati na begi moja. Ulilima na sisi msimu mzima bila kumtaja Petro, ila siku moja tu, tukipalilia maharage, uliniambia bila kuinua kichwa, "Kile kipuri cha injini muda wake ulikuwa umepita. Nilijua. Nikasaini kwamba ndege ni nzima." Niliendelea kupalilia, na hilo najilaumu mpaka leo. Wiki ile ile uliaga kwamba unakwenda Bonga kutafuta mbegu. Kondakta wa basi alituambia baadaye kwamba Bonga hukushuka. Ulilipa nauli nyingine ukaendelea na barabara ya Dodoma. Huu ni mwaka wa tatu.

Mama alifariki mwezi wa sita. Alikuulizia mpaka alipoacha kuuliza.

Sasa sikia kilichonifanya nishike kalamu. Mwezi uliopita alifika mjane wa Petro. Amesafiri siku mbili kwa malori na mabasi, amevaa khanga iliyochanika, amekuletea shati la Petro limekunjwa vizuri. Nilijua amekuja kukulaani, nikaona aibu hata kumkaribisha. Alikunywa uji bila sukari, kisha akauliza uko wapi. Nikamwambia hatujui.

Akaweka kikombe chini, akasema, "Wifi, Petro alikuwa hajaruka miezi tisa. Angevuka mwezi ule bila kuruka wangemfutia leseni. Alikwenda ofisini kwa kaka yako siku nne mfululizo kumsihi ampe ndege. Siku ya tano alirudi nyumbani anaimba. Aliniambia, Amsi amesaini, anajua njaa hii."

"Kwa hiyo umemsamehe?" nikamuuliza.

"Sijui," akasema. "Nilitaka tu tukae naye, tumlilie pamoja. Kwetu hakuna anayejua Petro alivyopenda kuruka."

Alilala chumbani kwako. Asubuhi baba alimsindikiza stendi kwa miguu, wameshikana mikono kama watu waliojuana zamani. Shati ameliacha. Nimelifua, lipo.

Natamani ungeyasikia maneno yale miaka mitatu iliyopita. Natamani ningekuwa na akili ya kukuuliza kwa nini, siku ile shambani. Sijui kama leo yangekusaidia. Nikikuwaza sasa sikuoni uso, naona mgongo wako tu, umeinamia jembe.

Kaka, baba amechoka. Mwezi ujao, siku ya kuwaombea marehemu, majina yao yatasomwa kanisani, naye amesema la kwako liandikwe chini ya la mama. Mara ya kwanza nilikataa. Mara ya pili nilikataa nikatoka nje. Jana katekista alikuja na daftari, akaniuliza jina lako linaandikwaje. Nikamtajia herufi moja moja.

Kama unaishi, unisamehe. Kama huishi, upumzike.

Mdogo wako,
Paskalina