Diwani na Sabato

Suneka,
Jumapili jioni.

Kaka yangu Manasseh,

Pokea salamu zetu, wewe na Ruth na watoto, na natumaini baridi ya Eldoret haijawazidi. Sisi huku ni wazima. Pam amepona kikohozi, na mkono wa Mama umeunga vizuri. Sasa anamenya ndizi mwenyewe, na ukijaribu kumsaidia anakufukuza jikoni. Mungu ni mwema.

Najua unangoja habari moja tu. Mama alipokupigia akitaka uje umrudishe Nyamarambe, labda ulidhani tumemnyima chakula. La hasha! Ni paka, kaka. Usicheke.

Unakumbuka alivyokataa katakata kuja kwangu baada ya kuanguka shambani, akisema ni aibu mama kulala kwa mkwe. Alikubali tu kwa sababu wewe huko una chumba kimoja, na mimi nina kile chumba cha nyuma chenye mlango wake. Akaweka sharti kwamba Sabato, yule paka jike wake mzee, aje naye. Nikasema sawa, nikamsahau Diwani wetu. Huyo ni paka dume wa kichwa kikubwa, na Baba Pam ndiye aliyempa jina, kwa vile anavyotembea uani kama mtu anayengojewa mkutanoni.

Weh! Diwani alimtesa mwenzake. Alilala kwenye kizingiti cha jikoni makusudi ili Sabato asipite. Alikula omena zake zote, akamkimbiza hadi juu ya mparachichi, na huko bibi wa watu akalia mpaka majirani wakatoka kuuliza kuna nini. Mama hakugomba. Alisema tu, kwa sauti ndogo, kwamba hata paka wa boma hili amejua nani si wa hapa. Maneno hayo yalinichoma. Nilimwona akilini akirudi peke yake kwenye ule mteremko wa shambani, akianguka tena na kukosa wa kumwinua.

Baba Pam akatafuta ushauri kwenye simu. Lakini wajua chinsoni yetu: mkwe na mama mkwe hawaketi pamoja wala kutazamana usoni, na watu wa kwao huko ziwani wana heshima kama hiyo. Basi nikawa posta, nabeba maneno kutoka sebuleni hadi chumba cha nyuma. Mkwe anasema paka watengwe kwanza. Mama anasema sawa. Mkwe anasema wale wakati mmoja, mlango ukiwa umefungwa katikati yao. Mama anasema asante. Mkwe anasema wabadilishane matandiko, kila mmoja azoee harufu ya mwenzake. Mama akasema hiyo nayo ina akili.

Hapo ndipo nilipoharibu. Diwani hulalia sweta kuukuu ya Baba Pam. Nikaichukua, nikiwaza paka tu, nikaitandika kwenye katoni ya Sabato, chini ya kitanda cha Mama. Leso ya Mama nikaiweka kwenye kochi la sebuleni. Kaka, nguo ya mkwe chumbani kwa mama mkwe! Mama alipiga yowe, akatoka na kuketi uani, akaniuliza kama shule ilinifundisha kusahau nilikotoka. Baba Pam naye alikuwa karibu kuikalia ile leso. Aliruka kama aliyekanyaga siafu, akaenda dukani kununua chumvi ambayo tulikuwa nayo. Jioni hiyo Mama akafunga begi, ndipo akakupigia.

Nililia, sikufichi. Nilipompeleka Mama kliniki kuonyesha mkono, Baba Pam alibaki akachonga rafu ya mbao, akaipigilia juu ukutani jikoni ili Sabato apate pa kukimbilia. Matandiko tukayabadilisha upya, safari hii vipande vya gunia.

Mama aliporudi aliitazama ile rafu kwa muda mrefu. Kisha akasimama nyuma ya mlango, akijua vizuri ni nani yuko upande wa pili, akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni kwamba fundi amefanya kazi nzuri. Baba Pam akaujibu ukuta kwamba anashukuru. Mimi nikajifanya napepeta mchele.

Siku hizi paka wanakula mlango ukiwa wazi. Diwani bado hunguruma, lakini akizidisha, Sabato humchapa kofi la kichwa kutoka rafuni, na mzee mzima hunywea.

Sasa nikwambie kwa nini naandika badala ya kupiga simu: kwa simu Mama angenisikia. Leo mchana Diwani alipotea. Nilimtafuta kila mahali, nikampata chumbani kwa Mama, amelala fofofo ndani ya lile begi. Nguo zote Mama amezitoa na kuzipanga kwenye kabati. Nilipotaka kumwondoa, Mama akanikataza. Alisema nimwache mtoto alale, begi lenyewe halina safari.

Nilitoka nje nikacheka huku machozi yananitoka. Kwa hiyo usije kumchukua, kaka. Njoo umsalimie tu, ulete na watoto.

Baba Pam anawasalimu, na Pam pia. Mama naye anamwomba Ruth amtafutie uzi wa sufu wa kahawia huko Eldoret. Anasema kuna sweta fulani imetoboka kiwiko, na hakutaja ni ya nani.

Dada yako akupendaye,
Nyamoita